Mdogo wangu, usijifanye shabiki

Mdogo wangu,

Swali lako la juzi kwenye simu sikulijibu vizuri. Ulisema, "Dada, huko ninakoolewa wanaongea mpira kutwa kucha. Nifanyeje, nijifanye naupenda?" Nikakwambia tutaongea, na tangu siku hiyo nimelala nalo. Jibu langu ni hili: usijifanye. Mimi nilijifanya, na karibu mwaka mzima ukapotea bure.

Wakwe zangu wakishangilia, nami nashangilia. Wakishika kichwa, nami nashika. Siku moja mpira ukatinga wavuni, nikaruka na kupiga makofi, kumbe sebule nzima iko kimya. Mshika kibendera alikuwa ameshainua kibendera kitambo, mfungaji ameotea. Hakuna aliyenicheka. Ilipofika mapumziko baba mkwe alipunguza sauti ya televisheni, akakusanya vifuniko vya chupa, akavipanga mezani: mabeki wawili, kipa, mshambuliaji mmoja, na wa mwisho akiwa mpigaji wa pasi. Akawa anakisogeza kile cha mshambuliaji kwa kidole. "Hapa ameotea. Hapa hajaotea. Usitazame yuko wapi anapoupokea mpira. Tazama alikuwa wapi mwenzake alipoupiga."

Maneno hayo yalinifumbua macho. Miezi yote hiyo nilikuwa namwona mtu yuko peke yake mbele ya goli na kudhani kosa ni hilo, kumbe waamuzi wanatazama alikokuwa mwenzake alipoupiga mpira. Akiwa nusu ya wapinzani na ameutangulia mpira, lazima wapinzani wasiopungua wawili wawe mbele yake au usawa naye, na kwa kawaida mmoja wao ni kipa. Zamani walitakiwa watatu, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1925. Na mpira ukimfikia moja kwa moja kutoka kwenye kona, goli kiki au mpira wa kurusha, hakuna kuotea. Ukilishika hilo, mengine utayaokota njiani.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya sheria. Nataka ujue kilichofuata.

Baba mkwe ni mtu wa maneno machache. Kabla ya vile vifuniko, mimi na yeye tulikuwa watu wa salamu tu. Baada ya siku ile nilipata ujasiri wa kumuuliza, "Baba, mechi gani imekukaa moyoni?" Akanyamaza kidogo, halafu akasema: Ghana na Uruguay, robo fainali ya Kombe la Dunia, Johannesburg, Julai 2010. Ni 1-1, sekunde za mwisho kabisa za muda wa nyongeza. Mpira wa kichwa unaelekea wavuni, Luis Suárez wa Uruguay anauzuia kwa mikono kwenye mstari wa goli. Kadi nyekundu, penalti. Ghana ikifunga inakuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali. Asamoah Gyan anapiga, mpira unagonga mwamba wa juu na kwenda zake.

Nikadhani hadithi imeishia hapo, nikampa pole. Akaniambia, "Bado." Ikaja mikwaju ya penalti, na zamu ya kwanza ya Ghana ilipofika, aliyetoka katikati ya uwanja kwenda kwenye nukta ya penalti alikuwa Gyan yule yule. Akafunga. Ghana ilitolewa hata hivyo, lakini baba mkwe hakukaa sana kwenye matokeo. Alichokihifadhi ni ule mwendo. Alinionyesha kwa vidole viwili juu ya meza, polepole, jinsi mtu anavyotembea akijua dunia nzima inamtazama na dakika chache tu zilizopita ameikosa ile kubwa. Kisha akasema mwaka ule yeye alikuwa amepoteza kazi. Alisema hivyo tu, akainuka, akatoka nje. Nilipomsimulia mume wangu, alikaa kitako. Hajawahi kumsikia baba yake akilitaja jambo hilo.

Tangu hapo huwa nauliza. Mume wangu aliponitajia fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya 2005 kule Istanbul, Liverpool wako nyuma 3-0 mapumziko kisha wakasawazisha kwa mabao matatu ndani ya dakika sita, kumbe alikuwa ananisimulia habari za kaka yake marehemu, aliyekataa kwenda kulala na kumkataza na yeye asilale. Sitaandika zaidi. Hiyo ni yake.

Yangu ni fainali ya Kombe la Dunia ya Argentina na Ufaransa, Desemba 18, 2022. Argentina wanaongoza 2-0, dakika zinakaribia themanini, na mama mkwe akasema haya yamekwisha, akaenda kukunja nguo. Mara Mbappé wa Ufaransa akafunga penalti, na kabla hatujakaa vizuri akafunga la pili. Mama alitoka chumbani mbio akiwa na taulo mkononi, limekunjwa nusu. Hakulikunja tena na hakuliweka chini. Messi akafunga, taulo likapanda kifuani. Mbappé akasawazisha tena, 3-3, likafika mdomoni. Sekunde za mwisho kabisa Emiliano Martínez, kipa wa Argentina, aliponyoosha mguu kuuzuia ule mpira wa Kolo Muani wa Ufaransa, mama alinishika mkono kwa nguvu hadi kucha zake zikaniacha alama. Alinishika mimi, wakati wanawe wawili walikuwa karibu naye zaidi. Argentina walishinda kwa penalti 4-2. Nililala usiku ule nikijua kwamba pale ni kwetu.

Bado si shabiki wa kukesha. Sijui nani kauzwa wapi, mechi za katikati ya wiki nalala, na timu niliyonayo ni ya mume wangu. Hakuna aliyewahi kunilaumu kwa hilo. Wanachohitaji ni mtu anayekaa, anayeuliza anapokuwa hajui, na asiyewaambia "ni mchezo tu" wakifungwa. Neno hilo usilitamke kamwe. Wakishafungwa waache wanyamaze, wataongea wenyewe.

Na kuna la nyumbani kwetu. Unakumbuka redio ya baba, jinsi tulivyokuwa tukikimbilia chumbani akiiwasha? Nilimpigia wiki iliyopita nikamuuliza swali lile lile. Mimi ni mtu mzima, na ilikuwa mara yangu ya kwanza. Akaniambia Zambia. Ndege ya timu yao ilianguka baharini Aprili 1993 ilipotoka kuruka Libreville, mji mkuu wa Gabon, watu wote 30 wakafa, 18 kati yao wachezaji. Kikaundwa kikosi kingine, na baba akakifuata kwa redio ile hadi fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika ya 1994, walipofungwa na Nigeria 2-1. Kisha mwaka 2012 Zambia wakarudi fainali, na fainali ikachezwa Libreville, wakachukua kombe kwa penalti 8-7. Anasema alilia. Wewe na mimi tulikuwa chumba cha pili, mdogo wangu, mlango tumeufunga.

Mpigie kabla ya harusi. Nilimuuliza kuhusu Kalusha Bwalya, nahodha ambaye hakuwemo kwenye ndege ile, akasema hiyo atakusimulia wewe.

Dada yako