Kwa mwanangu anayeenda kutega kamera Aberdare

Mwanangu,

Salamu kutoka Nairobi, sote tu wazima. Kwa kuwa Jumatatu unapanda milima ya Aberdare kuwatafuta bongo, wale swala wakubwa wa msituni, kwa kamera zinazojipiga zenyewe zikihisi joto na mwendo wa mnyama anayepita, nakuandikia yale ambayo mafunzo mafupi huyaruka.

Ubaya wa kazi hii ni kwamba kosa hufanyika siku ya kufunga kamera, nalo hujulikana miezi miwili baadaye unapofungua kadi. Kwa hiyo anzia hapa mjini. Kuna kadi za memori za bei ya chini mno zilizoandikwa GB 64 kumbe ndani hazifiki hata 10. Ijaze kila kadi pomoni kwenye kompyuta, ufungue faili za mwisho uone kama zinasomeka, ndipo uifute upya ndani ya kamera yenyewe. Betri chukua za lithiamu. Alkalini hulegea kwenye baridi ya juu kule. Lithiamu nazo zina ujanja wao: kipimo huonyesha zimejaa mpaka zinapokaribia kufa, kwa hiyo usikiamini. Zibadilishe zote kwa pamoja, kuukuu na mpya zisichanganyike, na ukishazibadilisha kagua tarehe, maana kamera nyingine huisahau zikikosa umeme. Kwenye fomu andika saa kwa mtindo wa 24. "Saa 2" yako, kwa mtu wa ofisini, yaweza kuwa 08:00, 20:00, 14:00 au hata 02:00.

Bongo hutambuliwa mmoja mmoja kwa mistari myeupe ya ubavuni, 10 hadi 15 hivi kila upande, na ya kushoto hailingani na ya kulia. Ukitega kamera moja utapata ubavu wa kushoto leo, wa kulia kesho, na hutajua kama ni mnyama mmoja au wawili. Funga mbili, moja kila upande wa njia, ila zisitazamane moja kwa moja. Sogeza mojawapo hatua mbili ili mwanga wake usiipofushe mwenzake. Kimo ni sentimita 50 hadi 70, umbali mita 3 hivi kutoka njiani. Kwenye mteremko, inamisha kamera ifuate ardhi. Ng'oa majani yaliyo mbele ya lenzi, kwa sababu unyasi mmoja unaochezeshwa na upepo juani hujaza kadi kwa picha tupu. Usifyeke kama unayetengeneza uwanja wa mpira lakini: wanyama watapakwepa, na mwindaji haramu atapaona. Ukimaliza, pita mbele ya kamera umeinama ujue kama inakunasa, kisha ishikie ubao wenye namba ya kituo na tarehe, kamera iupige picha.

Kabla ya kuchagua mti, tazama shina. Likiwa na matope makavu na gome lililolainika, hapo ndovu na nyati hujisugua; tafuta mti mwingine. Kasha la chuma husaidia, ingawa ndovu akiamua ameamua. Njiani mtangulize askari wa wanyamapori, na kinyesi kikiwa bado kinafuka mvuke, rudini mlikotoka bila kubishana.

Ramani za zamani za 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa kupimia mahali uitwao Arc 1960, na jipiesi yako hutumia mwingine, WGS84. Ukihamisha namba za mahali bila kuzigeuza unakosea kama mita 300, na ndani ya mianzi hizo ni jasho jingi. Kwenye gridi ya ramani ya UTM, Aberdare iko kanda ya 37 kusini; iandike kwenye kila fomu.

Sasa hili la simu. Bongo wa milimani wamebaki Kenya peke yake, na porini wanakadiriwa kutofika 100, kwa hiyo mwindaji haramu asijue walipo. Zima kumbukumbu ya mahali kwenye kamera ya simu kabla ya kuingia msituni. Picha ikitumwa WhatsApp kama dokumenti hubeba mahali ilipopigwa, na hata isipobeba, maporomoko yanayoonekana nyuma yanatosha kwa mtu anayeyajua. Shangazi yako ataomba picha ya kuweka status, namjua. Mtumie ya gamubuti zako zilizojaa matope.

Fomu zijaze kwa penseli, wino huyeyuka mvuani. Kadi zilizojaa zisikae mfuko mmoja na tupu.

Babako