Utafiti wa vyura wa kaskazini upewe fedha za kutosha

Mhariri,

Naomba nafasi niwatetee vyura wa misitu ya Alaska na Kanada, hasa Rana sylvatica, chura mdogo anayeishi hadi ndani ya Aktiki, eneo la baridi kali kaskazini kabisa mwa dunia. Baridi ikiingia hujificha chini ya majani makavu, mwili ukaganda na moyo ukasimama kabisa. Ini lake humwaga sukari nyingi kwenye damu ili seli zisiharibiwe na barafu. Joto likirudi, huyeyuka na kwenda kutaga mayai. Wale wa Alaska wamepimwa wakistahimili nyuzi 18 chini ya sifuri!

Lakini wanahitaji theluji iwafunike, na Aktiki inapata joto karibu mara nne ya kasi ya wastani wa dunia. Theluji ikipungua, baridi kali huwafikia moja kwa moja. Madimbwi nayo yakikauka mapema, viluwiluwi hufa kabla ya kuota miguu.

Kuwachunguza kwa ruzuku ya miaka miwili tu hakutoshi. Idadi ya vyura hupanda na kushuka sana kila mwaka. Bila takwimu za muda mrefu, nani atajua kama ni msimu mbaya tu au wanatoweka?

Watanzania tunayajua haya. Vyura wa korongo la Mto Kihansi, hapa nchini, waligunduliwa mwaka 1996, na kufikia 2009 wakatangazwa kutoweka porini. Walinusurika kwa kuwa baadhi walishapelekwa kuzalishwa Marekani. Serikali za kaskazini na wafadhili watenge fedha za miaka kumi au zaidi, sasa, vyura wangali wengi.

Msomaji,
Morogoro