Kupanua barabara ya Mtumba hakutamaliza foleni

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu nikiwa utingo, na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Leo nimeshindwa kunyamaza kwa ajili ya ile habari iliyosema kwamba barabara ya kutoka mjini kwenda Mtumba, kwenye Mji wa Serikali zilipo ofisi za wizara, ikishapanuliwa, foleni ya Dodoma itakwisha. Mwandishi wako ameliandika hilo kama jambo lisilo na ubishi. Hakumuuliza dereva wala abiria.

Mimi nimeendesha mabasi miaka 26, mingi katika barabara ya Morogoro. Pale Dar es Salaam wamejenga njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2. Mwanzoni tulipita tunashukuru. Lakini mtu aliyekuwa anaogopa kujenga mbali akaona sasa panafikika, akajenga, akanunua gari, na asubuhi anaelekea mjini kulekule wanakoelekea wenzake. Aliyekuwa anapanda daladala naye akaona heri atoke na gari lake. Sisi madereva tuna neno letu, kutanua. Unatoka kwenye foleni, unapita pembeni kwenye vumbi, unawaacha watu kumi, halafu mbele unarudi kuchomekea palepale kwenye kona ambapo wote mmekwama. Barabara nzima ikitanuliwa bila kugusa chanzo, inakuwa hivyohivyo: magari yanafika mapema zaidi mahali pa kusubiria. Na haya hayako kwetu tu. Houston, Marekani, walimaliza mwaka 2008 kuipanua barabara ya Katy kwa zaidi ya dola bilioni 2.8, ikafika njia 26 sehemu nyingine ukihesabu na zile za pembeni. Kati ya 2011 na 2014 safari za asubuhi na jioni zikawa ndefu zaidi kuliko zilivyokuwa. Wachumi Duranton na Turner wakaonyesha mwaka 2011 kwamba katika miji ya nchi hiyo, barabara kuu zikiongezeka, mwendo wa magari nao huongezeka karibu kwa kiwango kilekile. Nafasi inajaa.

Sasa nikueleze kilichonipata mimi. Mwaka jana kaka yangu alifariki Morogoro, maziko yakapangwa saa 8 mchana. Tiketi ya treni nilikosa, nikakata ya basi la saa 2 asubuhi kutoka stendi kuu ya Nzuguni. Nyumbani Nkuhungu nilitoka saa 12:20, nikapanda daladala hadi mjini, nikaunganisha nyingine. Tulipoishika barabara ya Dar es Salaam, hiyohiyo ya kwenda Mtumba, tukasimama. Tulikuwa zaidi ya watu thelathini kwenye Coaster moja, akina mama wamesimama na mizigo, mtoto mmoja analia kwa joto, na gari letu halikuchukua barabarani nafasi ya kuzidi magari madogo mawili. Nikaanza kuhesabu yaliyotuzunguka, mazoea ya kazi. Nilihesabu magari 40. Yenye dereva peke yake yalikuwa 31! Watu 31 wanakwenda njia moja, wengi wao Mtumba, saa ileile, kila mmoja amefunga vioo vyake, na sisi tulioshikilia bomba tukiwangoja wao wapite. Nilifika stendi saa 2:15, basi limeshaondoka. Lililofuata liliondoka saa 4. Morogoro nilifika saa 9 na ushee, nikakuta kaburi limeshafukiwa na watu wananawa mikono ili wale. Kaka yangu niliyezaliwa naye tumbo moja sikumtupia hata konzi ya udongo. Leo mtu aniambie dawa ni kuwaongezea wale 31 njia nyingine ya kupita, nikae kimya?

Tena kuna hili la waenda kwa miguu. Mpango mkuu wa mji huu wa mwaka 1976, miaka mitatu baada ya kuamuliwa kuwa makao makuu yahamie Dodoma, uliwaweka mbele watu wa miguu na mabasi. Leo tembea hapa mjini uone. Njia ya miguu imeegeshwa magari, mbele kuna kibanda cha chipsi, mbele tena kuna rundo la mchanga wa mtu anayejenga. Miti inakatwa, na jua la Oktoba hapa kila mtu analijua. Mama anayekwenda nusu kilomita tu analazimika kupanda bodaboda, na bodaboda hiyo inaongeza foleni. Kila barabara inapopanuliwa, kuivuka kunazidi kuwa kugumu kwa mtoto wa shule.

Mwaka 2012 jiji hili lilikuwa na watu 410,956. Sensa ya 2022 ikakuta 765,179. Hakuna lami itakayowatosha watu hawa kama kila mmoja atatafuta gari lake.

Ninachoomba kinafanyika hata mwezi ujao. Mabasi makubwa 20 yaanze kazi saa 12:20 asubuhi, matano Nkuhungu, matano Area D, matano Kisasa, matano Chang'ombe, yaende Mtumba moja kwa moja, na jioni yarudi hivyohivyo. Njia moja iliyopo sasa iwe yao peke yao hadi saa 3. Kabla hata hilo halijaanza, wahesabiwe watu, siyo magari, Jumanne tatu Bunge likiwa linakaa na Jumanne tatu likiwa limeahirishwa, pale magari ya Mtumba na ya stendi yanapokutana. Nipo tayari kuhesabu mimi mwenyewe bila malipo. Macho yangu bado ni mazima, na saa 12 asubuhi nitakuwa nimeshafika.

Dereva mstaafu,
Nkuhungu, Dodoma.