Mwanangu, tochi umeifunga?

Tanga, Alhamisi usiku

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka kwetu sote. Hatujambo, ila mama yako na goti lake. Jana kwenye simu uliniambia mzigo wa kwenda melini umeshafungwa, na nilipokuuliza habari ya tochi ukacheka, ukasema simu ina taa. Nimelala na jibu hilo na nimeamka nalo. Naandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza.

Kidude chako cha kujifunzia Morse, ile lugha ya nukta fupi na mistari mirefu, nakiheshimu, usidhani vingine. Ni watoto wangapi wa mtaa huu wanaoweza kuagiza Morserino-32 ikiwa vipande vipande, wakailehemu wenyewe, ikawaka? Yule Muaustria aliyeibuni, Willi Kraml, alifikiri vizuri. Kisanduku cha kushika kwa mkono mmoja kinakufundisha herufi, kinakutungia mafungu ya kubahatisha, kinapiga neno nawe ulirudishe kikusahihishe, kinasoma unachogonga na kukuandikia kwenye kioo, na bado kinaweza kuzungumza na mwenzake kwa redio. Sisi tulikuwa na mwalimu mmoja na bakora yake.

Hata njia yake ya kufundisha, ile ya Mjerumani Koch ya kuanza na K na M kwa kasi kamili kisha kuongeza herufi moja moja, inaishinda yetu. Sisi tulihesabu nukta na mistari. Tulipofika maneno 10 kwa dakika tukakwama kama gari kwenye mchanga. Kwa maneno 12 kwa dakika, nukta ni sehemu ya kumi ya sekunde. Nani atahesabu hapo? Wewe V unaisikia kama unavyosikia mtu akiita jina lako. Nilikuwa nakusikia kupitia ukutani, na nilikuwa nafurahi, ingawa sikusema.

Lakini mama, kidude hicho kimefundisha sikio, na melini hutaulizwa kwa sikio. Morse ya redio iliondolewa kwenye usalama wa meli tarehe 1 Februari 1999. Yaliyotupata sisi maofisa wa redio wa meli baada ya hapo, kazi ikatufia, unayajua. Kilichobaki kwako ni mwanga. Mkataba wa STCW, ule wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, unamtaka ofisa wa zamu aweze kutuma na kupokea SOS kwa mwanga, na ajue ishara za herufi moja moja. Jicho si sikio. Nimewaona watu waliokuwa wakipokea maneno 25 kwa dakika huku wanakunywa chai, lakini wakiwashiwa taa kutoka meli ya pili, wanaandika vitu visivyosomeka. Kitabu cha kimataifa cha ishara za meli kinaweka kasi ya mwanga kuwa herufi 40 kwa dakika. Kwako hiyo ni polepole mno, na hapo ndipo utakapopotea: ule wimbo uliouzoea unakatika, unabaki unatazama kitu kinawaka na kuzimika.

Kwa hiyo tochi. Tochi ya kitufe, ya kubonyeza na kuachia. Taa ya simu, mpaka kidole kiiguse na kioo kiitikie, nukta imeshakuwa mstari. Mwombe kadeti mwenzako asimame mbali gizani, akuwashie, nawe uandike. Anza na U, fupi fupi ndefu: unaelekea hatarini. Halafu O, ndefu tatu: mtu kaanguka baharini. V ni nahitaji msaada, W ni nahitaji daktari, F ni nimeharibikiwa, wasiliana nami, na L ni simamisha chombo chako mara moja. Usizijue kwa kuzikumbuka. Zijue kama unavyojua njia ya kwenda chooni kwetu usiku umeme ukikatika.

Tangu uliponiambia mtapita Bab el-Mandeb, ule mlango wa Bahari ya Shamu, sina usingizi. Machi 2024 meli ya True Confidence ilipigwa kombora Ghuba ya Aden, na mabaharia watatu hawakurudi kwao. Na GPS huko huvurugwa, meli iko katikati ya maji nayo ramani inaionyesha nchi kavu. Mama yako nimemwambia mnapita mbali na huko, kwa hiyo ukipiga simu usinitoboe. Siku redio ikinyamaza na skrini zikadanganya, jirani yako wa baharini atakuwa na taa tu mkononi. Atawasha fupi fupi ndefu. Nani atakayeisoma kule juu kwenye chumba cha usukani kama si wewe?

Chumba changu cha redio kilikuwa na saa ya ukutani yenye vipande viwili vyekundu, kila kimoja dakika tatu, kuanzia robo na kuanzia kasorobo. Dakika hizo hakuna meli iliyoruhusiwa kutuma chochote kwenye kilohezi 500, masafa ya kuitia msaada, isipokuwa mwenye shida. Wote tulikaa kimya tukisikiliza kama kuna mnyonge anaita kwa mbali. Siku hizi hakuna atakayekupa dakika hizo, basi jipe mwenyewe. Ukiwa zamu, kila robo na kila kasorobo, inua uso kwenye skrini, utazame giza lote mpaka mwisho wake.

Na upande wa redio wa kidude chako usiuwashe melini kabla hujamuuliza ofisa. Ikiwa ni meli ya mafuta usitoke nacho kwenye sitaha kabisa. Hili usinibishie.

Kuna na jambo la betri. Ulisema imekufa, ukaagiza nyingine kwa pesa yako ya nauli. Betri ile haikuwa mbovu. Ulipokuwa likizo hapa, ukishalala nilikuwa nakichukua kidude nakaa nacho barazani na hedifoni mpaka kinazimika. Kikipiga neno, mimi nalirudisha kombo, kikipiga tena, nalirudisha kombo tena. Sikio la kushoto limekwisha. Pesa nimeiweka kwenye bahasha hii. Na siku ile uko darasa la tano uliponiomba nikufundishe, jibu nililokupa mbele ya wajomba zako, nilidhani kazi iliyokwisha kufa mtu hamrithishi mwanawe.

Bati la jikoni limeshapigiliwa, halivuji tena. Mdogo wako ada yake imebaki nusu, nitauza nazi mwisho wa mwezi. Usitume chochote katika mshahara wa kwanza, nunua viatu vya kazi vyenye ncha ya chuma, vile ulivyonionyesha vimechoka. Na zile wiki tatu kabla ya jana ulizokaa bila kupiga simu, si tabia niliyokulea nayo.

Tochi naituma kwa basi la asubuhi, iko kwenye boksi moja na barua hii. Nitampa kondakta, kaipokee stendi ya Magufuli huko Dar mapema, usingoje jioni. Ina betri zake, na nyingine nne nimezitia ndani ya soksi. Kitufe chake ni kigumu kidogo, kibonyeze kwa dole gumba. Mama yako ameongeza achari ya maembe, amesema uifunge vizuri isimwagikie nguo.

Baba yako