Uso Ulioniuliza: Barua kwa Mwanangu

Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, na mama yako mkubwa anakusalimu sana. Ijumaa iliyopita tulipokuwa tukizungumza kwa video ulinyamaza kidogo, ukaikaribia simu, kisha ukaniuliza, "Mama, uso wako umefanya nini?" Nilicheka nikakwambia kwamba siku hizi nalala vizuri. Huo ulikuwa uongo, na umenikera tangu siku hiyo. Kisha ukaniandikia kwamba hapo Leicester, Uingereza, kuna dada mmoja mwenye saluni anayechoma sindano za kuondoa mistari ya kucheka kwa bei nafuu, na kwamba unafikiria kwenda. Nimeona ni heri nikae nikueleze kwa utulivu niliyoyafanya na niliyojifunza, kuliko kukukaripia kwenye simu.

Ni kweli, nilichomwa fila, yaani sindano ya jeli ya kujaza uso chini ya ngozi. Wakumbuka kwamba mwaka jana homa ya matumbo ilinilaza, nikapungua kilo 11. Uzito ulirudi, lakini ulirudi kiunoni. Mashavu yalibaki yameporomoka, na ile mikunjo miwili inayotoka puani hadi pembe za mdomo ikawa kama mitaro. Siku moja pale Marikiti muuza samaki wangu wa miaka yote alinipa pole, akaniuliza nimefiwa na nani. Sikuwa nimefiwa. Nilikuwa nimekwenda kununua samaki aina ya changu. Nilirudi nyumbani nikajitazama kwenye kioo, nikaona kwamba hakukosea: uso wangu ulikuwa ukisema huzuni ambayo mimi sikuwa nayo. Zamu yangu ya mchezo wa upatu ilipofika, sikununua friji kama nilivyowaambia wenzangu. Nilipanda treni nikaenda Nairobi kwa daktari wa ngozi.

Mama yako mkubwa alipojua aliniuliza kama nimebadilisha alichokiumba Mwenyezi Mungu. Swali lake ni la haki, na jibu la kumridhisha sikuwa nalo. Bado tunalizungumza.

Daktari yule hakushughulika na mikunjo kwanza, na hilo ndilo lililonifanya nimwamini. Aliweka vidole viwili kwenye shavu langu, akalivuta juu kidogo, na mkunjo ukapungua mbele ya macho yangu. Akanieleza kwamba chini ya ngozi ya shavu kuna vifuko vya mafuta kama mito ya kulalia, na nyuma yake mfupa; umri ukisonga, au mtu akikonda ghafla, mito hiyo hunywea na kushuka, na mfupa nao hupungua taratibu. Ngozi huteremka, lakini karibu na mdomo imeshikwa na misuli, basi hujikunja hapo kama kanga iliyoning'inia kwenye kamba. Ukijaza mkunjo peke yake umeziba mtaro, ilhali paa bado linavuja. Kwa hiyo sehemu kubwa ya dawa aliiweka juu, karibu na mfupa wa shavu, na kidogo tu pembeni mwa pua. Zilikuwa sirinji mbili, kila moja ya mililita 1. Ukizimimina zote hazijazi hata nusu ya kijiko cha chai.

Kilichomo ndani yake ni jeli ya asidi ya hayaluroniki. Jina ni gumu lakini kitu chenyewe si kigeni: kimo mwilini mwako sasa hivi, katika ngozi, katika viungo na katika jicho, na mojawapo ya kazi zake ni kushika maji. Karl Meyer na John Palmer waliitoa mara ya kwanza mwaka 1934 katika macho ya ng'ombe, huko New York. Ile ya sindano siku hizi hutengenezwa kwa bakteria, kisha minyororo yake hufungwa pamoja ili mwili usiimalize haraka. Hata hivyo huimaliza; kwa kawaida baada ya miezi 6 hadi mwaka mmoja, pengine zaidi, mtu hurudi alipokuwa.

Watu wamejaza nyuso zao kwa vitu vibaya zaidi ya hivi, mwanangu. Mwaka 1899 daktari Robert Gersuny wa Vienna alianza kutumia mafuta mazito ya jamii ya parafini, yaani ndugu wa nta ya mshumaa. Bibi mmoja Mmarekani aliyesifika kwa uzuri, Gladys Deacon, ambaye baadaye aliolewa na kabaila wa Uingereza, Duke wa Marlborough, alichomwa parafini puani apate pua ya sanamu za Kigiriki. Parafini ikateremka hadi kidevuni, na uso wake ukaharibika maisha. Kolajeni ya ng'ombe, yaani protini ya ngozi yake, ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1981, ilibidi mtu achomwe kwanza mkononi na kungojea wiki kadhaa, ionekane kama mwili utaikataa. Jeli hii ya sasa iliruhusiwa Marekani mwishoni mwa 2003, na ruhusa ile ya kwanza ilikuwa kwa mikunjo hii hii ya pua na mdomo.

Sasa nikueleze siku yenyewe, kwa sababu nataka uijue kazi iliyofanywa vizuri inavyofanana. Alinipiga picha bila vipodozi, nikiwa nimeketi wima, kwani mtu akilala chali mashavu hurudi nyuma na mkunjo hujificha. Aliniuliza dawa ninazotumia, akataka kujua kama nimekunywa aspirini wiki ile. Alisafisha uso wangu mara mbili, akanipaka ganzi, tukangoja. Kisha alichoma polepole sana, kidogo kidogo, na kila baada ya kuchoma alisimama, akabonyeza ngozi kwa kidole na kutazama damu inavyorudi. Mwanzoni nilidhani anapoteza wakati. Nilipotoka upande wa kushoto ulikuwa umevimba, na damu ilivilia chini ya ngozi rangi ya zambarau, ikakaa siku 9. Nikawa navaa barakoa hadi sokoni, nikisingizia mafua.

Nilimuuliza kwa nini alikuwa akibonyeza ngozi. Jibu lake ndilo lililonifanya nikuandikie barua hii. Pembeni mwa mkunjo ule, kutoka kwenye taya kupanda hadi kando ya pua, hupita mshipa mkuu wa damu wa uso, na matawi yake huko juu yameungana na mishipa inayolisha jicho. Jeli ikiingia ndani ya mshipa, au ikiubana kwa nje, ngozi iliyo mbele yake hukosa damu. Huanza kwa maumivu makali na ngozi kuwa nyeupe, kisha hutoka madoa kama wavu, baadaye hugeuka nyeusi. Ncha ya pua inaweza kufa. Na ikisukumwa hadi kwenye mishipa ya jicho, mtu anaweza kupofuka papo hapo. Mambo haya ni nadra, sitaki kukutisha kwa yasiyo ya kila siku. Lakini kwenye ngozi yetu ya maji ya kunde weupe ule hauonekani upesi kama kwa Mzungu, kwa hiyo anayengoja kuuona kwa macho tu amechelewa. Ndiyo maana alibonyeza na kuhesabu.

Dawa ya ajali hiyo ipo. Ni kimeng'enya kiitwacho hayaluronidesi, ambacho huiyeyusha jeli hii, na kinapaswa kuchomwa bila kukawia. Daktari alifungua mtoto wa meza akanionyesha vichupa vyake kabla hata hajafungua sirinji. (Ziko fila nyingine, kama zile za madini ya kalsiamu, ambazo kimeng'enya hiki hakiziyeyushi, hizo nilimwambia sizitaki kabisa.)

Hapa ndipo nilipomfikiria huyo dada wa saluni. Nimesoma sana wiki hii, macho yameniuma. Huko Uingereza fila haihesabiwi kuwa dawa ya cheti cha daktari, kwa hiyo mtu asiye daktari wala muuguzi anaweza kuinunua na kuichoma. Mwaka 2013 daktari Sir Bruce Keogh aliongoza uchunguzi wa serikali kuhusu biashara hii, na ripoti yake ikasema kwamba anayechomwa sindano hizi hana kinga zaidi ya mtu anayenunua kalamu au mswaki. Tangu tarehe 1 Oktoba 2021 ni kosa katika England kumchoma mtoto wa chini ya miaka 18 kwa ajili ya urembo, na sheria ya mwaka 2022 ilimpa waziri mamlaka ya kuanzisha leseni za kazi hii. Lakini hayaluronidesi yenyewe, dawa ya kuokoa, ni ya cheti. Tazama mambo yalivyopinduka: yeyote anaweza kukutia jeli, ila si yeyote anayeruhusiwa kuwa na kitu cha kuitoa. Huyo dada pengine ana mkono mwepesi kuliko daktari wangu. Swali langu kwake ni moja tu, ndani ya mtoto wa meza yake mna nini. Na akikwambia kwamba anatumia kifaa kama kalamu kinachosukuma jeli ngozini kwa shinikizo bila sindano, ondoka bila kuaga. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya vyombo hivyo mwaka 2021.

Limebaki la umri wako. Una miaka 23. Simama mbele ya kioo, ucheke, kisha uache kucheka. Mstari ukiondoka pamoja na kicheko, huo ni msuli unaofanya kazi yake, wala hapana shimo la kujaza. Jeli ikitiwa hapo uso huonekana mzito kila unapotabasamu, kama uliyefutika tambi mdomoni. Mstari ukibaki hata uso umetulia, hilo ni jambo jingine na tutalizungumza. Tena usijipime kwa kamera ya simu uliyoishika karibu. Inakuza pua na katikati ya uso, na mistari yako inakujia mikubwa kuliko ilivyo. Wewe mistari hiyo ulizaliwa nayo. Baba yako anayo, na bibi yako mzaa baba alikuwa nayo katika picha ya harusi yake, akiwa mdogo kukushinda.

Sikukatazi. Ningekukataza kwa uso upi? Ila nakuomba unitumie picha mbili ulizopigwa na mtu mwingine, ukiwa umesimama dirishani mchana, moja umecheka na moja umetulia, nami nitamwonyesha daktari wangu mwezi ujao nikienda kuangaliwa. Akisema lipo la kufanywa, mtafute daktari huko, utazame jina lake kwenye orodha ya Baraza Kuu la Madaktari la Uingereza, inapatikana bure kwenye mtandao. Tofauti ya bei kati yake na saluni nitailipa mimi. Friji bado sijanunua. Nitakupigia Alhamisi baada ya magharibi, saa za huku.

Mama yako