Barua kwa walimu vijana mnaotaka kufundisha shule za kimataifa

Wanangu walimu,

Shikamoo zenu zimenifikia. Marahaba. Tangu nistaafu, simu yangu haiishi kulia, na karibu kila anayepiga ana swali lilelile: "Mwalimu, nisomee cheti gani ili nipate kazi shule ya kimataifa?" Nawajibu wote kwa pamoja, ninyi wa Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, na wenzenu wa Nairobi na Mombasa, maana naona mnavyochangishana na hata kukopa ili kulipia vyeti ambavyo mkuu wa shule hatavisoma mara mbili. Jambo hilo linaniuma.

Kwanza mjue hili ambalo wauzaji wa kozi hawalisemi: hakuna leseni moja ya dunia nzima ya mwalimu wa kimataifa. Hakuna ofisi inayoitoa, si Geneva, si London. Leseni ya ualimu hutolewa na nchi, na kwingine hutolewa na jimbo. Kwa hiyo shule ya kimataifa, popote ilipo, huanza kwa kuuliza kama huko kwenu unatambuliwa kuwa mwalimu. Mkenya hujibu kwa namba yake ya TSC, yaani Tume ya Utumishi wa Walimu, kwa sababu sheria ya mwaka 2012 haimruhusu mtu kufundisha bila kusajiliwa na tume hiyo. Sisi Tanzania hujibu kwa shahada au stashahada ya ualimu kutoka chuo kinachotambulika, na mwaka 2018 ilipitishwa sheria ya kuunda bodi ya kitaaluma ya walimu, hivyo mambo ya usajili na leseni yafuatilieni yanavyokwenda. Msiudharau usajili wa nyumbani. Nimeona wasifu wa vijana umejaa majina ya kozi za ng'ambo, halafu namba ya usajili haipo popote.

Kama ulisoma biashara, uhandisi au sayansi tupu bila kusomea ualimu, anza na stashahada ya uzamili ya elimu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania wanayo, na vyuo vya Kenya pia. Itakugharimu kidogo ukilinganisha na kozi ya Ulaya, nayo itakupeleka kwenye mazoezi ya kufundisha darasani chini ya macho ya msimamizi. Mazoezi hayo ndiyo yanayotafutwa.

Sasa hizo kozi za saa 120 za mtandaoni za kufundisha Kiingereza. Zina kazi yake, kwa anayetaka kufundisha lugha kwenye vituo vya lugha. Hazimfanyi mtu kuwa mwalimu wa fizikia wala wa darasa la tano. Hata kwenye ufundishaji wa Kiingereza kwa watu wazima, kinachoheshimika zaidi ni CELTA, cheti cha kufundisha Kiingereza cha Cambridge, na heshima yake inatokana na saa sita za kufundisha wanafunzi halisi huku mkufunzi anakutazama. Ukikuta kozi ambayo hakuna mtu atakayekuona ukifundisha, fikiri sana kabla ya kutuma fedha.

Nije kwenye vyeti vikubwa mnavyovitaja kila siku. PGCE ni cheti cha uzamili cha ualimu cha Uingereza, na wengi mnadhani ni kitu kimoja. Ipo PGCE inayokwenda pamoja na QTS, yaani hadhi ya mwalimu aliyethibitishwa na serikali ya England, na ipo PGCE ya kimataifa inayosomwa kwa mbali, ambayo kwa kawaida haitoi QTS. Hii ya pili si cheti kibaya. Inakufundisha kusoma tafiti na kuandika kitaaluma, na shule kadhaa huikubali. Ila ukijiunga nayo kwa kudhani utatoka na QTS, utalia. Waandikie chuo swali la mstari mmoja: mwisho wa kozi hii napata QTS, ndiyo au hapana? Hifadhi jibu lao. Mwaka 2022 serikali ya England ilianza kuijaribu njia nyingine, iQTS, inayomwezesha mtu kusomea akiwa nje ya nchi hiyo na kuishia na QTS kamili, lakini ni kwa vyuo vilivyoidhinishwa tu, na lazima uwe na shule utakakofanyia mafunzo. Nayo ada ni maelfu ya pauni.

Marekani nako hakuna leseni ya taifa. Kila jimbo lina yake, na njia mnayoisikia sana ni ile ya kusoma programu ya maandalizi mtandaoni kisha kuomba leseni ya Washington, D.C. Huko kuna Praxis, mitihani ya kuwapima wanaotaka ualimu, na shahada yako itapelekwa kwanza kwa wakaguzi wa vyeti vya kigeni waseme inalingana na nini. Inawezekana, wapo Waafrika Mashariki walioipita. Ushauri wangu ni mmoja kwa njia zote mbili: kama una shahada ya elimu na usajili, usikimbilie deni la namna hiyo kabla hujakaa darasani miaka miwili mitatu. Mwenye uzoefu huchagua cheti kwa kujua kinakosekana nini kwake. Asiye nao hununua jina.

Kuhusu IB, yaani International Baccalaureate, na Cambridge, msichanganye mtaala na leseni. IB ilianzishwa Geneva mwaka 1968, na IGCSE ya Cambridge, ile ya ngazi ya sekondari, ilianza kufanyiwa mitihani mwaka 1988. Hao wanatoa mitaala, mitihani na mafunzo. Hawatoi ruhusa ya kuwa mwalimu. Shule yenye idhini ya IB inatakiwa iwe na walimu waliopata mafunzo yake, kwa hiyo mara nyingi shule yenyewe ndiyo inayompeleka mwalimu na kulipa. Wewe kabla ya kuajiriwa soma muhtasari wa somo lako. Wa Cambridge upo wazi kwenye tovuti yao, haulipiwi. Chukua mada moja, iandalie azimio la kazi na andalio la somo, uone inavyotofautiana na ulivyozoea. Kazi hiyo ya wiki moja itakusaidia kwenye usaili kuliko cheti cha kuhudhuria semina.

Walimu wa Kiswahili nawaombeni mnisikilize hapa. Ninyi mna nafasi ambayo wenzenu hawana. Cambridge wana mtihani wa IGCSE wa Kiswahili, IB nao wana Kiswahili kama lugha ya kujifunza, na shule za kimataifa za Nairobi, Dar, Moshi na Mombasa zinahitaji watu wa kukifundisha. Tatizo ni kwamba wengi wenu mmefundishwa kukifundisha kwa mzawa: ngeli zote ubaoni, uchambuzi wa riwaya, ushairi. Mtoto wa Kikorea aliyefika Masaki mwezi uliopita hahitaji ngeli wiki ya kwanza. Anahitaji kumwambia dereva wa bajaji asimame hapa. Jifunzeni ufundishaji wa lugha kwa wageni, tengenezeni masomo yenu wenyewe, yarekodini. Walimu wa Kiswahili wanaojua kazi hiyo vizuri ni wachache, na mkiwa nayo mnaingia kwa mlango wa mbele.

Kwenye majopo ya usaili nimekaa muda mrefu, na kinachoamua ni lile somo la majaribio. Niwape mfano. Kijana mmoja wa kemia alikuwa na cheti kizuri cha ng'ambo. Alipewa nusu saa na wanafunzi wa miaka 13, mada ni asidi na kabonati. Akaandika ubaoni kwa mwandiko safi kabisa: maana, sifa, mlinganyo. Watoto wakanakili. Mwisho akauliza, "Mmeelewa?" Wakaitikia ndiyo kwa pamoja, akafuta ubao.

Aliyefuata alikuwa binti aliyekuwa anajitolea shule ya kata, bila cheti chochote cha nje. Alikuja na maganda ya mayai yaliyopondwa, siki, na chupa za maji zilizokatwa shingo. Kabla mtoto yeyote hajamimina siki, aliwataka waandike wanatarajia kuona nini. Povu likatoka, wakacheka, naye akawaacha wabishane. Mmoja alisema maganda yanachemka; hakumkosoa, alimwambia aguse chupa kama ni ya moto. Dakika tatu za mwisho akagawa vipande vya karatasi: andika povu lile ni nini, na umejuaje. Akavikusanya vyote. Mwenyekiti wetu akamuuliza atavifanyia nini. Akajibu, "Vitaniambia nianzie wapi kesho." Alipata kazi siku hiyo, na masomo ya Cambridge aliyasoma baadaye kwa fedha za shule. Maganda ya mayai hayana ada, wanangu. Fanyeni masomo ya namna hiyo hukohuko mlipo, hata darasa likiwa na watoto themanini, na mweke kumbukumbu zake: andalio, kazi za watoto mkificha majina, mlichobadilisha kipindi kilichofuata.

Jambo linalowaangusha wengi hata baada ya somo zuri ni ulinzi wa mtoto. Mwaka 2014 ilibainika kwamba William Vahey, Mmarekani aliyekwisha kuhukumiwa California mwaka 1969 kwa kudhulumu watoto kingono, alikuwa amefundisha shule za kimataifa nchi baada ya nchi kwa miaka zaidi ya arobaini. Mwaka huohuo kikaundwa kikosi kazi cha kimataifa cha ulinzi wa mtoto, na taratibu za kuajiri zikakazwa. Ndiyo maana mtaombwa hati ya polisi ya kila nchi mliyoishi, ndiyo maana mkuu wenu wa zamani ataulizwa kwa siri kama kuna sababu yoyote ya ninyi kutokaa na watoto, na ndiyo maana mwaka mmoja usioelezeka kwenye wasifu utaulizwa. Kama mwaka huo ulikuwa unauguza mzazi au unauza dukani, andika hivyo. Si aibu.

Kwenye usaili mtaulizwa: mwanafunzi anataka akuambie siri na anakuomba usimwambie mtu, utafanyaje? Vijana wengi hujibu, "Nitamtunzia ili aniamini." Hapo usaili umekwisha. Usimwahidi kutunza siri. Msikilize, usimhoji kama polisi, andika maneno yake kama alivyoyasema, na siku hiyohiyo umfikishie mtu wa shule mwenye dhamana ya ulinzi wa watoto. Usichati na mwanafunzi kwa namba yako binafsi, usimpe lifti mkiwa wawili, usiweke picha yake kwenye status. Na fimbo. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Kwetu kanuni bado zinaviruhusu kwa masharti. Mkitaka shule hizi, fimbo iwekeni chini leo, hata huko mnakofundisha sasa. Mwalimu aliyezoea kutawala darasa kwa fimbo anajulikana kwa mkono wake unavyoinuka mtoto akipiga kelele, na jopo linaona.

Karatasi zenu zipangeni mapema. Cheti cha kidato cha nne kinasema Neema J., shahada inasema Neema Joseph, pasipoti ina jina la mume. Nendeni kwa wakili mkapate hati ya kiapo, au mrekebishe majina kabisa kama muda upo. Anayeelekea nchi za Ghuba, huko Uarabuni, ajue vyeti vitapitia Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi wa nchi anakokwenda, mhuri baada ya mhuri, na hilo halimalizwi wiki ya mwisho.

Mtaona pia tofauti ya malipo. Shule nyingi zina mkataba wa mwalimu aliyeletwa kutoka nje, wenye nyumba, tiketi na ada ya watoto, na mkataba wa aliyeajiriwa hapahapa, usio na hayo. Kwa maoni yangu si haki pale kazi na sifa zinapolingana, na nimelisema hilo vikaoni. Mkipewa nafasi ya mwalimu msaidizi, ikubalini kama inawaweka darasani, lakini ulizeni kwa maandishi ni lini na kwa sifa gani mtapandishwa. Na matangazo yanayotaka "mzawa wa Kiingereza", yaani aliyekua akikizungumza tangu utoto, yasiwazuie kuomba masomo ya hisabati na sayansi. Ombeni.

Shule ya kweli haikuombi fedha ili ikupe barua ya ajira. Wakala akitaka "ada ya viza" kabla hujahojiwa, mwache. Tafuta jina la shule kwenye orodha za vyombo vinavyokagua na kuthibitisha ubora wa shule, kama CIS (Council of International Schools), na uandikie anuani iliyo kwenye tovuti ya shule yenyewe.

Nafasi nyingi za kuanza Agosti hutangazwa kuanzia Oktoba na kuendelea. Wadhamini wawili, mmoja wao awe mkuu wako wa sasa au wa mwisho, waambie kabla hujawaandika, na hakikisha wana barua pepe ya shule wanayoisoma. Kuna binti tulimsubiri wiki tatu kwa sababu mkuu wake alikuwa hajafungua barua pepe tangu likizo. Mwisho nilimpigia simu mimi mwenyewe. Wengine hawatapata wa kuwapigia.

Wenye maandalio ya somo mnayotaka yatazamwe, nileteeni. Nayasoma kwa kalamu mkononi.

Mwalimu wenu mstaafu,
Arusha