Ricoh au Fuji kwa picha za mwani

Kariakoo, Dar es Salaam

Shosti wangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na mama yako umpe zake peke yake, maana najua atauliza. Huku tu wazima, joto tu ndilo linatutesa.

Ujumbe wako ulinikuta kwenye foleni ya mwendokasi. Nilitaka kukujibu palepale, nikaona jambo hili halijibiwi kwa vidole viwili. Umeniuliza nichague kati ya kamera mbili, Ricoh GR III na Fujifilm X100VI, kisha ukanitania kwamba jibu unalijua, nitasema Ricoh kwa sababu ndiyo niliyonayo. Basi ngoja nikushangaze. Ricoh yangu siiuzi wala sibadilishani na mtu, lakini kwa kazi unayotaka kuifanya wewe, ya kuwapiga picha kina mama wa mwani, usiinunue.

Kwanza nikutoe wasiwasi juu ya ubora wa picha, maana nimeona umeandika sana kuhusu hilo. Kamera hizi zote mbili zina sensa, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ya ukubwa uitwao APS-C, takriban milimita 23.5 kwa 15.6. Ndiyo sensa iliyomo kwenye kamera nyingi za kubadilisha lenzi ambazo wapiga picha wa harusi hutundika shingoni, na ile ya simu yako haifiki hata karibu. Fuji ina megapikseli 40, Ricoh 24. Usiziogope hizo namba. Umesema unataka kuchapisha picha za ukubwa wa A3 uzitundike pale shuleni. Picha ya Ricoh, bila kukatwa, inachapishika vizuri kabisa hadi sentimita 50 kwa 34, na A3 ni 42 kwa 30 tu. Zile 40 zitakufaa siku ukitaka kukata pembeni na kubaki na kipande.

Sasa niseme kwa nini mimi sibanduki kwenye Ricoh. Ina gramu 257 pamoja na betri na kadi. Naitia kwenye pochi, napita nayo Mtaa wa Kongo watu wakisukumana, wala hakuna anayejua kwamba nimebeba kamera. Inawaka chini ya sekunde moja. Halafu ina kitu kimoja ambacho sijakiona kikifanywa vizuri hivyo kwingine: unaiambia mapema ifokasi umbali fulani, tuseme mita 2, na ukibonyeza kitufe mpaka chini kwa mkupuo, inapiga hapohapo bila kutafuta fokasi. Apecha, yaani tundu la lenzi linalopitisha mwanga, ikiwa imebanwa hadi f/8, kila kilicho kuanzia kama mita moja mbele yako hadi mwisho wa mtaa kinatoka safi. Muuza maji anaruka mtaro, mimi nimeshapiga, yeye ameshapita. Ukoo wa GR ulianza na kamera ya filamu mwaka 1996, na Daido Moriyama, yule Mjapani wa picha kali za mitaani za nyeusi na nyeupe, amezitumia kwa miaka mingi. Ukiishika tu unaelewa kwa nini. Kila kitufe kimewekwa kwa ajili ya mkono mmoja.

Lakini wewe hupigi picha Kariakoo. Wewe unakwenda ufukweni Jambiani na kina mama wa mwani, na huko mambo ni mengine kabisa.

Anza na jua. Unajua kuliko mimi kwamba siku za bamvua maji hutoka kuelekea saa nne, saa tano asubuhi, na ndipo wanapoingia mashambani. Saa hizo jua liko juu, mchanga mweupe unawaka, na maji yaliyobaki yanameremeta. Ricoh haina tundu la kuchungulia. Ina skrini ya nyuma tu, tena haiinuki wala haikunjuki. Kwenye jua la namna hiyo utaona uso wako mwenyewe na mtandio wako, picha huioni. Mtaani mimi hukisia, kwa kuwa napiga mapana na kivuli cha maghorofa kinanisaidia. Wewe unataka kuona kidole kinavyofunga uzi wa mwani kwenye kamba. Huwezi kukisia hilo.

Fuji ina tundu la kuchungulia, tena la aina mbili ndani ya moja. Unasukuma kiswichi kidogo cha mbele, unaona kwa kioo cha kawaida, dunia kama ilivyo na mstari wa fremu umechorwa juu yake. Ukisukuma tena, unaona kwa skrini ndogo iliyomo ndani, na mwanga wa picha jinsi utakavyotoka. Jicho likishaegemea pale, jua halina lake. Miwani yako pia isikutie hofu, kuna kigurudumu pembeni cha kurekebisha tundu lifuate macho yako. Skrini ya nyuma nayo inainuka, kwa hiyo ukitaka kupiga kutoka chini karibu na maji huhitaji kulala kifudifudi.

Halafu kuna hizi nyuso zetu. Kamera yoyote, iwe ya bei gani, hudhani mbele yake pana rangi ya kijivu. Ikikutana na mchanga mweupe, inapunguza mwanga ili mchanga uwe wa kijivu, na bibi mweusi aliyesimama katikati anageuka kivuli. Dawa yake ni kuongeza mwanga mwenyewe, hatua moja au hata zaidi kidogo. Kwenye Fuji kuna gurudumu la kazi hiyo juu ya mwili, kwenye kidole gumba, limeandikwa namba, unaliona kabla hata hujawasha kamera. Kwenye Ricoh pia inawezekana, lakini namba yake unaisoma kwenye skrini ileile ambayo huioni.

Na hata ukiongeza, bado kuna kofia. Mama ameinama, amevaa kofia pana juu ya mtandio, jua linampiga mgongoni, uso wote uko gizani kuanzia paji la uso mpaka kidevu. Hapo ndipo flashi inapotakiwa, mchana kweupe. Fuji inayo, kadogo, ndani ya mwili. Na kwa kuwa shata yake, yaani kile kipazia kinachofunguka na kufunga picha ikipigwa, iko ndani ya lenzi, flashi inakubaliana nayo hata kwenye kasi ambazo zile kamera kubwa za harusi hugoma au hutaka ujanja. Unaipunguza nguvu kidogo, unapiga, na macho ya mama yanafunguka bila picha kuonekana imepigwa flashi. Ricoh nayo shata yake iko ndani ya lenzi, lakini flashi hawakuiweka. GR II, ile iliyotangulia, ilikuwa nayo, GR III wakaiondoa ili mwili ubaki mdogo. Itabidi ubebe flashi ya kupachika juu, na hapo udogo wake wote umeshakwisha.

Lenzi zenyewe pia zinatofautiana, ingawa wengi hulipita jambo hili haraka. Ya Ricoh ni pana, sawa na milimita 28. Ya Fuji ni sawa na 35, yaani inaona eneo jembamba kidogo. Kwa mtaa wenye msongamano, 28 ni raha. Kwa sura ya mtu haina adabu: ukitaka uso ujae lazima umsogelee mno, na ukimsogelea pua inakua na masikio yanakimbilia nyuma. Bibi Mwanakombo wako hatakusamehe. Kwa 35 unasimama umbali wa mazungumzo ya kawaida, yeye anaendelea na kazi yake na wewe na yako. Ricoh wana ndugu yake, GR IIIx ya mwaka 2021, yenye lenzi inayolingana na 40, nzuri sana kwa watu. Ila kasoro za jua na flashi ni zilezile.

Chumvi na mchanga sitakuelezea sana, unaishi navyo. Lenzi ya Ricoh hutoka nje unapowasha na kurudi ndani unapozima, na kamera haina kinga yoyote ya vumbi wala maji. Vumbi kuingia mpaka kwenye sensa ni malalamiko ya siku nyingi ya wenye kamera hizi. Fuji nayo usidhani ya kuogelea. Inavumilia matone na vumbi, lakini kwa sharti kwamba umeifunga pete ya mbele na filta ya milimita 49, vitu ambavyo havimo kwenye boksi. Bila hivyo mbele iko wazi. Vinunuliwe siku hiyohiyo.

Ubaya wa Fuji ni uzito na bei. Gramu 521, mara mbili ya yangu, utaisikia shingoni. Ilipotoka Februari 2024 bei yake Marekani ilikuwa dola 1,599, wakati Ricoh ilianza na dola 899 mwaka 2019. Tena watu waliigombea mpaka ikawa adimu madukani. Kwa hiyo ushauri wangu wa mwisho wala haumo kwenye swali lako: mwambie kaka yako wa Maskati akutafutie X100V iliyotumika, ile iliyotangulia, ya mwaka 2020. Lenzi ni ileile, tundu la kuchungulia, flashi ndani, skrini inainuka, na filta ile unaifunga vilevile. Utakosa megapikseli 14 na kituliza mtikisiko, na kwa jua la saa tano kituliza mtikisiko ni cha nini? Kitakufaa usiku tu.

Akiipata, kabla hajatoa hela, aweke apecha f/16, apige picha ya anga au karatasi nyeupe, kisha aikuze aitazame pembe zote. Madoa meusi yasiyosogea ni uchafu kwenye sensa, na lenzi hii haitoki ukasafisha. Apige na flashi pia, azungushe kila gurudumu, abadilishe lile tundu mara kadhaa aone kama linagoma. Na betri awe amenunua ya ziada, moja haifiki jioni.

Mwambie anitumie mimi hizo picha za majaribio kwanza, nizione kwenye kompyuta, ndipo alipe.

Shosti wako,
Zuhura